Oda Ambayo Mzee Shivachi Hakuisoma

Wenzangu wa zamu ya asubuhi,

Siku mliyoniaga mlinikatia keki, mkaimba, halafu Sharon akasema mbele ya watu wote, "Mama Njoki, lazima utuandikie vile kazi ilikuwa kabla sisi tuje." Nilikubali kwa sababu nilikuwa na keki mdomoni. Sasa nimekaa hapa nyumbani Mountain View wiki tatu. Nimepanga kabati la vyombo mara mbili, na mume wangu ameniomba kwa upole nitafute kitu kingine cha kusimamia. Kwa hiyo naandika.

Habari za nani alipandishwa cheo na lini, muulizeni mtu mwingine. Mimi nataka kuwaambia juu ya Mzee Shivachi, aliyenifundisha kazi hii, na juu ya Jumamosi moja tuliyokaribia kumuua mteja kwa kiamsha kinywa. Mteja mwenyewe mnamjua. Ni yule Mwalimu Akinyi wa meza ya dirishani, anayewaita kwa kupiga meza makofi. Mmekuwa mkiniuliza chinichini kwa nini kikaango chake kinafungiwa kabati peke yake kama mfungwa. Mtajua.

Nilianza katika mkahawa wetu wa kwanza, ule wa katikati ya jiji, orofani juu ya duka la vitambaa. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na viatu vya kuazima. Tulifungua saa kumi na mbili na nusu, na kabla ya saa moja kulikuwa na foleni ya watu wenye tai waliotaka chai kama vile wametoka jangwani. Nilikabidhiwa trei yenye birika, vikombe vinne na sahani za tosti. Niliishika kwa mikono yote miwili, nikaikaza kifuani.

Mtu mrefu, mwembamba, mwenye aproni iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, akaja akasimama mbele yangu.

"Unaitwa nani?"

"Wambui."

"Wambui, hiyo ni trei, si mtoto wako. Usiikumbatie."

Akaichukua, akaiweka juu ya vidole vyake vitano vilivyotanuka, kiganja kikiwa hewani, akazunguka nayo kati ya meza kama mtu anayebeba kofia. Huyo ndiye Shivachi. Alikuwa na miaka thelathini na kitu tu wakati huo, lakini sote tulimwita Mzee, na yeye hakukataa.

Saa mbili walikuja mawakili sita. Nyinyi mnajua mawakili na mayai. Mmoja alitaka ya kukaanga, kiini kikiwa kibichi. Wa pili kiini kiive lakini kisikauke. Wa tatu ya kuvuruga bila kitunguu, wa nne na kitunguu bila nyanya, wa tano ya kuchemsha dakika nne, si tano. Wa sita alisema hataki mayai, kisha akabadilisha mawazo mara mbili. Niliandika kurasa mbili za kijitabu changu. Mzee Shivachi alisimama kando yangu, mikono nyuma, akasikiliza. Tulipofika kwenye dirisha la jikoni, mimi nilikuwa bado natafuta ukurasa wa kwanza, yeye akamtajia mpishi oda zote sita, pamoja na nani amekaa wapi. Nilipopeleka nilikosea sahani mbili. Yeye alizibadilisha mezani bila kusema neno, na wale mawakili wakadhani ndivyo huduma ilivyo.

"Unakumbukaje?" nilimuuliza.

"Wewe ukiandika unaangalia karatasi. Mimi naangalia mtu. Yule wa kiini kibichi, umeona vile anakula kucha? Huyo hawezi kungoja yai liive."

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. Alinifundisha kuweka kikombe upande wa mkono anaoutumia mteja, na kupasha birika kwa maji ya moto kwanza. Alinifundisha kutomsalimia sana mtu kabla hajanywa nusu kikombe. Alinifundisha pia, na hili nililipata kwa aibu, kutomkumbuka mteja kwa sauti.

Kulikuwa na bwana mmoja wa suti ya kijivu aliyekuja kila Jumanne na mwanamke wa kitambaa chekundu, na kila mara yule mwanamke aliagiza pankeki. Ijumaa moja bwana yule akaja na mwanamke. Mimi nikadhani ni yuleyule, na ili nionekane hodari, nikatabasamu nikasema, "Na madam leo nimletee pankeki tena?"

Yule mwanamke akaniangalia, kisha akamwangalia bwana. Akasema neno moja tu: "Tena?"

Nilihisi mtu akinivuta kwa kamba za aproni kutoka nyuma. Ni Mzee Shivachi. Alinivuta kinyumenyume mpaka jikoni, akanisimamisha kando ya jokofu.

"Kaa hapa mpaka vita viishe," akasema.

Viliisha haraka. Bwana aliondoka bila kugusa kahawa yake. Mwanamke alibaki, akaagiza pankeki, akazila zote polepole, akaacha salamu kwa "yule msichana wa pankeki". Sijui hadi leo kama alikuwa ananishukuru.

Sasa, kuna jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu miaka karibu ishirini na sikuliona. Kila asubuhi Mutiso, mpishi wetu, aliandika vyakula vya siku kwenye ubao kwa chaki. Na kila asubuhi Mzee Shivachi alinipitia akiniambia, "Wambui, hebu niambie huyu Mkamba ameandika nini leo. Huu mwandiko ni kama kuku amepita." Nami nilimsomea, tukicheka mwandiko wa Mutiso. Bili tulimtajia dada wa kaunta, naye ndiye aliyeandika. Barua ikitoka kwa mwenye mkahawa, Mzee alisema miwani yake ameiacha nyumbani Kawangware. Sikuwahi kumwona na miwani hata siku moja. Lakini mtu akiwa hodari kiasi kile, nani atamuuliza habari za miwani?

Mwenye mkahawa, Madam Kendi, alipofungua huu mkahawa wenu wa hapa Adams Arcade, alituhamisha watatu: Mzee Shivachi, Mutiso na mimi. Wateja walikuwa wa aina nyingine. Walikuwapo wazee wa mtaa wa Woodley waliostaafu serikalini, ambao waliagiza birika moja la chai na kulilinda mpaka magazeti yaishe. Walikuwapo vijana wa kompyuta, waliokaa pale kwenye soketi ya ukutani kama mbuzi waliofungwa kambani. Na Jumamosi zilikuwa za akina mama.

Basi ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi hivi. Mimi nilikuwa na meza ya akina mama wanane wa kikundi cha kanisa. Aliyewahi kuhudumia akina mama wanane waliokubaliana kugawana sahani tano anajua kwamba sikuwa na jicho la ziada. Akaingia mwanamke wa miaka kama thelathini, sweta ya kijani, mkoba uliojaa madaftari. Akakaa dirishani peke yake.

Mzee Shivachi akamwendea. "Karibu, madam. Umeamkaje?"

Yule mwanamke akagusa sikio lake, akatikisa kichwa, akatabasamu. Akatoa daftari, akaandika mistari kadhaa, akachana karatasi na kumpa.

Mzee aliishika ile karatasi kwa mikono miwili. Aliiangalia kwa muda uleule ambao mtu anayesoma huiangalia karatasi. Nimeufikiria sana huo muda. Hata huo alikuwa amejifunza. Kisha akaitikia kwa kichwa, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati, halafu akageuka kunitafuta.

Nilimwona akinitafuta. Niliinua mkono kumwambia angoje, kwa sababu mama mmoja alikuwa amegundua kwamba soseji ni saba na wao ni wanane. Mzee alingoja. Mama mwingine akaanza habari za chai isiyo na majani ya kutosha. Nilipoinua kichwa tena, Mzee alikuwa ameshaenda kwenye dirisha la jikoni.

"Pankeki mbili na chai, meza ya dirishani," nilimsikia akisema.

Alibahatisha. Wanawake waliokaa pale peke yao Jumamosi waliagiza pankeki, tisa kati ya kumi. Alipompelekea, yule mwanamke aliiangalia sahani. Akainyooshea kidole, kisha akaunyooshea mfuko wenye ile karatasi, akainua nyusi: una hakika? Na Mzee Shivachi akatabasamu, akainua dole gumba.

Yule mwanamke akala.

Nilisikia kikombe kikianguka. Nilipogeuka, alikuwa amesimama ameshika koo. Midomo ilikuwa imevimba, shingo imejaa mabaka, na kifua kilikuwa kinapanda na kushuka haraka. Watu wakaanza kupiga kelele zile za kila mtu kumwambia mwenzake apige simu. Mzee mmoja wa Woodley, aliyekuwa dereva wa serikali maisha yake yote, akatupa gazeti akasema, "Gari yangu iko hapo nje. Mleteni!" Mimi na Mzee Shivachi tukamshika huku na huku, tukashuka naye ngazi.

Kwenye mlango wa gari Mzee alichomoa karatasi mfukoni.

"Wambui, hii inasema nini?"

"Si umeisoma?"

"Wambui." Aliniangalia machoni. "Sijui kusoma. Nisomee."

Niliisoma. Ilikuwa kwa mwandiko mzuri wa mwalimu: *Mimi ni kiziwi. Naomba chai na viazi vitamu. Sili mayai kabisa, yananiziba pumzi, hata yakichanganywa kwenye unga. Ahsante sana.*

"Mzee, ni mayai! Mpe daktari hii karatasi. Mwambie ni mayai!"

Akaingia kwenye gari na aproni yake, akiwa ameishika ile karatasi kifuani kwa mikono miwili.

Sisi tulibaki. Mutiso alikaa juu ya gunia la viazi jikoni na hakuinuka. Wale akina mama wa kanisa waliweka sahani kando, wakashikana mikono, wakamwombea mgonjwa kwa sauti na kwa machozi ya kweli, kisha wakauliza kama chai inaweza kuongezwa. Niliwaongezea. Nilihitaji kitu cha kushika.

Mzee alirudi alasiri. Madaktari walisema walimwahi. Alidungwa sindano, akapumua, dadake akaja kukaa naye, na jina lake ni Akinyi, mwalimu. Hayo ndiyo yote aliyosema kabla ya Madam Kendi kutuita jikoni. Madam hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alikuwa mtu wa kuvua saa yake na kuiweka mezani, na siku hiyo aliivua.

"Nani alichukua hiyo order?"

"Mimi," Mzee akasema.

"Aliandika kwamba hali mayai?"

Hapo, wenzangu, nikafanya jambo ambalo sijawaambia watu wengi. Kabla Mzee hajafungua mdomo nilidakia: "Madam, mwandiko haukuwa unasomeka."

Nilisema kwa uso mkavu kabisa. Mutiso alinitazama. Ningeulizwa mara ya pili ningeapa. Mtu huyu alikuwa amenifundisha kila kitu, na nilijua pia kwamba aliningoja asubuhi ile, nami nikabaki kuhesabu soseji.

"Unasomeka," Mzee Shivachi akasema. "Ni mwandiko mzuri sana, Madam. Mimi ndiye sisomi. Sijawahi kusoma."

Madam Kendi alimwangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka miaka yote na kuipanga upya.

"Enda nyumbani, Mzee," akasema mwishowe. "Ukae mpaka nikuite. Na wewe Wambui, usiwahi kunidanganya tena ndani ya jikoni yangu."

Mzee alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka mezani kando ya saa ya Madam, akatoka.

Jumapili ya pili nilimtembelea Kawangware. Nilimkuta ameketi nje akikaza miguu ya kiti kwa misumari.

"Umekuja kunisomea barua ya kufutwa?" akauliza, bila kuinua kichwa.

"Hakuna barua. Nimeleta mkate."

Mkewe, Mama Linet, alitupikia chai. Nilimuuliza kama alijua. Alicheka kwa huzuni kidogo.

"Mimi nilijua mwaka wa kwanza. Kanisani anashika kitabu cha nyimbo na anaimba kushinda watu wote. Siku moja nikaona amekishika juu chini. Nikamkanyaga mguu, akakigeuza. Hatukuzungumza hiyo maneno mpaka leo."

"Tungezungumza nini?" Mzee akasema. Kisha akaniambia, polepole, kwamba babake alifariki yeye akiwa darasa la kwanza, na hakurudi shule. Alipopata kazi ya kuosha vyombo mjini hakuna aliyemuuliza. Alipopandishwa kuhudumia watu hakuna aliyemuuliza. "Kila mwaka nilikuwa nasema nitamwambia mtu. Lakini ushanisifu sana, Wambui. Mmenisifu nyote. Ningeanzia wapi?"

Nilimsaidia kushika kiti.

Wiki ya tatu, Jumamosi, nilisikia meza ya dirishani ikipigwa makofi. Alikuwa yeye, sweta ileile ya kijani, mzima. Madam Kendi alikuja mbio kutoka kaunta, akaketi mbele yake, na wakaanza kuandikiana kwenye daftari. Mimi nilisimama nyuma ya bega la Madam na birika mkononi, nikisoma bila aibu.

Madam aliandika pole ndefu sana. Mwalimu Akinyi aliipitia haraka, kama anayesahihisha insha, akaandika chini yake: *Yule mzee yuko wapi?*

*Nimemsimamisha kazi. Hajui kusoma.*

*Najua. Aliniambia hospitalini. Alinionyesha karatasi, akaonyesha macho yake, akatikisa kichwa, akalia.* Akageuza ukurasa. *Nilikasirika. Bado nimekasirika. Mwite.*

*Unataka kumwambia nini?*

*Mimi hufundisha watoto viziwi kusoma. Yeye anasikia. Hana kisingizio.*

Madam Kendi alicheka kwa ghafla, akafunika mdomo. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akicheka kazini.

Mzee alikuja Jumamosi iliyofuata, amevaa koti la kanisani. Alisimama mbele ya meza ile kama mwanafunzi aliyechelewa. Mwalimu Akinyi alimwangalia, akainua dole gumba lake juu. Kisha kwa mkono wa pili akalipiga kofi dole lile, pa! likaanguka. Akamwangalia tena: umeelewa? Mzee akaitikia kwa kichwa. Mwalimu akamvutia kiti. Akafungua daftari, akaandika neno moja kwa herufi kubwa, akamwonyesha picha yake kwenye menyu ili ajue ni nini. Lilikuwa MAYAI. Akampa kalamu, akaandika kando ya neno namba hamsini, yaani aliandike mara hamsini, akaagiza viazi vitamu na chai, na akala bila haraka huku mwanafunzi wake akitoa jasho.

Madam Kendi alimrudisha kazini kwa sharti moja: hatachukua oda ya mtu yeyote mpaka atakapoweza kusoma menyu yote, juu mpaka chini, mbele yetu sote. Mpaka siku hiyo angefuta meza na kuosha vikombe. Aliosha vikombe miezi minane. Mtu aliyekuwa anatembea na trei kama kofia, sasa anabeba beseni. Wateja wa Woodley walimuuliza, "Shivachi, umekosana na nani?" Naye akawajibu, "Niko shule, wazee wangu. Mwalimu ni mkali." Walidhani ni mzaha.

Kila asubuhi alifika nusu saa mapema na tukakaa jikoni, mimi na yeye na mfuko wa sukari. Tulisoma mfuko wa sukari. Tulisoma pakiti ya majani, kopo la siagi, onyo la mtungi wa gesi. Alikuwa mwanafunzi mwenye hasira. Alikasirikia neno "ng'ombe" kwa sababu ya kile kialama cha juu. Aliniuliza kwa nini watu walioweza kuandika "maziwa" vizuri hivyo walishindwa kuandika "ng'ombe" bila kuweka mdudu katikati. Jumamosi Mwalimu Akinyi alikuja na kalamu nyekundu akapitia kazi yetu. Kazi yetu, nasema, kwa sababu alinisahihisha na mimi.

Ilipofika siku ya mtihani, tulikusanyika kabla ya kufungua. Mwalimu aliketi dirishani, akitazama midomo ya Mzee. Mzee alishika menyu, akasafisha koo, akaanza. Chai ya maziwa. Chai ya rangi. Uji wa wimbi. Mahamri. Viazi vitamu. Omeleti ya Kihispania, ambayo aliipitia kwa mapumziko mawili. Sauti yake ilikuwa ndogo, si ile tuliyoizoea, na kidole kilifuata kila neno kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Mutiso alikuwa amefumba macho. Akafika upande wa kahawa, akasimama.

"Ka," akasema. "Kapu. Kapuki. Kapuchi." Akaiweka menyu chini. "Madam, hili neno limeandikwa vibaya."

"Hilo hata mimi sijawahi kuliandika sawasawa," Madam Kendi akasema. "Umepita, Mzee."

Akachukua ile aproni iliyokunjwa mara nne, ambayo alikuwa ameiweka kwenye droo yake muda wote huo, na akamfunga yeye mwenyewe kamba za nyuma. Mzee Shivachi akaenda meza ya dirishani. Hakuuliza kitu. Alitoa kijitabu kipya mfukoni, akaandika kwa dakika nzima, akamgeuzia Mwalimu. Niliona baadaye. Alikuwa ameandika: *Mwalimu habari ya asubui. Leo utakula nini. Hapana mayai.*

Mwalimu Akinyi aliisoma. Akatoa kalamu nyekundu, akaongeza herufi h kwenye "asubuhi", akaongeza alama mbili za kuuliza, akampa saba kwa kumi. Halafu akageuza uso dirishani na kukaa hivyo muda kidogo, na mimi nikaona heri niende nikawahudumie wengine.

Mzee alifanya kazi miaka mingine kumi, mwandiko wake ukiwa mbaya kuliko wa Mutiso. Kazi alizofanya kwa kichwa sasa alizifanya kwa kichwa na kwa kijitabu pia, na kila oda aliirudia kwa mteja mpaka wengine wakachoka. Akinyi alitufundisha sote ishara za chai, sukari, moto, baridi, na ile ya mayai, ambayo ukiifanya mbele ya Mutiso mpaka leo anaacha kila kitu na kunawa mikono. Hivyo ndivyo kikaango kile kilivyopata kabati lake. Msikichanganye na vingine. Nimestaafu, lakini ninaishi karibu.

Mzee alistaafu akarudi kwao Vihiga. Shida ni kwamba tangu alipopata simu ya kuandikia hanyamazi. Kila asubuhi ananiandikia amekula nini, na kama nimechelewa kujibu ananiandikia tena kuuliza kama nilisoma. Anaandika pole pole, kwa nukta na herufi kubwa zote, na hapendi mtu anayefupisha maneno.

Jumatatu ya kwanza baada ya nyinyi kuniaga niliamka saa kumi usiku kama kawaida, nikakumbuka sina pa kwenda. Kulipopambazuka nilivaa vizuri, nikatoka, nikateremka mpaka mkahawa mmoja wa Waiyaki Way ambao sijawahi kuingia. Nilikaa. Nilikuwa sijui nifanye nini na mikono yangu. Binti mmoja mwembamba akaja, akanisalimia, akanisikiliza, akaniletea chai, mahamri na mayai ya kuvuruga, na sikuinuka kumsaidia hata mara moja, ingawa trei aliishika vibaya. Simu ikalia.

*Habari ya asubuhi, Wambui. Leo ni viazi vitamu na chai ya maziwa. Najua hii ni siku ngumu kwako. Je, umekula?*

Macho yalinijaa, na sikutaka yule binti aone. Nikaandika haraka haraka, bila miwani, nikatuma: *Nimeletewa na mtu mwingine Mzee. Nimekaa kama malkia. Nimekunya chai hapa mezani mpaka nikaridhika.*

Kikapita kitambo. Kisha jibu lake likaingia.

*Wambui. Tafadhali rudia kusoma neno la tisa. Natumaini umesahau herufi moja.*

Nilivaa miwani nikahesabu maneno kwa kidole. Nililifikia. Nilicheka peke yangu mpaka nikashika meza, na yule binti akaja mbio kuniuliza kama kuna tatizo na chakula.